Mwongozo wa Kupika Vyakula vya Kila Siku vya Nyumba za Mashambani Ayalandi ya Zamani

Mpishi anayetaka kuandaa chakula cha nyumba ya mkulima wa Ayalandi, kama kilivyoliwa tangu mwanzo wa karne ya 19 hadi umeme ulipoanza kusambazwa vijijini mwaka 1946, hana haja ya kutafuta viungo vya mbali. Viazi mviringo, maziwa, unga wa ngano, kabichi, vitunguu majani na chumvi vinapatikana katika soko lolote la Arusha, Nakuru au Bukavu. Kinachohitaji kueleweka ni kwamba karibu kila chakula kilipikwa juu ya moto mmoja, katika chungu kimoja au viwili vya chuma, na karibu kila chakula kilitegemea maziwa: mabichi, yaliyoganda, siagi, au yale yanayobaki siagi ikishatolewa. Anayeanza na mkate au viazi kabla ya kushughulikia maziwa atajikuta amekwama katikati ya kazi, na kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na maziwa.

Kuhusu moto, nyumba hizo zilitumia udongo mweusi wa kinamasi, uliokatwa kwa sepetu yenye ubapa mwembamba, ukaanikwa wakati wa kiangazi, kisha ukarundikwa nje ya nyumba kwa matumizi ya mwaka mzima. Moto huo huwaka taratibu na haukuzimwa kabisa. Usiku makaa yalifukiwa majivuni na asubuhi yakafukuliwa. Jiko la mkaa linafanya kazi hiyo vizuri, pengine kuliko jiko la gesi, kwa sababu utahitaji kuweka makaa juu ya mfuniko. Tafuta sufuria nzito, ya chuma ukiweza, yenye mfuniko bapa unaofunga vizuri.

Hatua ya kwanza: siagi na mtindi

Chukua nusu lita ya malai (krimu ya maziwa), changanya na vijiko viwili vikubwa vya mtindi usio na sukari, funika kwa kitambaa na uache usiku kucha ili yachachuke. Katika joto la pwani saa nane zinatosha. Nyanda za juu huenda zikahitaji siku nzima. Asubuhi yaweke kwenye friji mpaka yapoe, lakini yasiwe baridi sana, kwa kuwa malai yenye baridi kali huchelewa kutoa siagi, na yenye joto hutoa siagi laini inayoponyoka mkononi. Yatie ndani ya chupa yenye mdomo mpana, usiijaze kupita nusu, ufunge na uanze kusukasuka.

Kwa muda wa dakika kumi hivi utaona kazi bure. Malai yatazidi kuwa mazito, mlio wa maji ndani ya chupa utakoma, na mkono utachoka. Kisha, mara nyingi kati ya dakika ya 15 na ya 20, utasikia kitu kizito kikigonga ukuta wa chupa, na chembe za manjano zitaonekana zikielea katika maji meupe. Chuja. Maji hayo meupe, yenye ukali mwepesi, ndiyo mtindi utakaotumika karibu katika kila hatua inayofuata, usithubutu kuyamwaga. Siagi iliyobaki ioshe kwa maji baridi huku ukiikanda kwa mwiko, ukibadilisha maji mpaka yatoke safi, kwa maana maziwa yanayobaki ndani yake ndiyo yanayoiharibu upesi. Maliza kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Waayalandi walifanya kazi hii katika pipa refu la mbao lenye mchi uliopita katikati ya mfuniko. Mgeni aliyeingia wakati siagi inasukwa alitakiwa kushika mchi na kupiga mara chache, la sivyo alishukiwa kwamba anaondoka na baraka ya siagi ya nyumba hiyo. Hofu hiyo inaeleweka ukijua siagi ilikuwa na thamani gani. Haikuwa hasa chakula cha mwenyewe: sehemu kubwa ilitiwa chumvi, ikafungwa katika vipipa na kupelekwa sokoni, na soko la siagi la Cork, lililoanza mwaka 1770, lilikua hadi kuwa kubwa kuliko yote duniani katika karne ya 19. Siagi ililipa kodi ya shamba, na mtindi ukabaki nyumbani. Ndiyo sababu mlo wa masikini ulikuwa viazi na mtindi.

Asiye na nafasi ya kusuka malai anunue mtindi wa dukani, au maziwa lala kama wanavyoyaita Kenya, mradi usiwe na sukari wala ladha ya matunda. Ukiwa mzito, uongeze maji kiasi cha robo.

Hatua ya pili: mkate wa soda

Mkate huu ni mgeni kuliko watu wengi wanavyodhani. Beking soda ilianza kuenea katika nyumba za Ayalandi kuelekea katikati ya karne ya 19. Kabla ya hapo mikate ya kawaida ilikuwa bapa, ya oti au shayiri, ikikaushwa mbele ya moto. Soda ilipokelewa haraka kwa sababu ngano ya nchi hiyo ni laini, haina mvuto wa kutosha kuinuliwa vizuri na hamira, na kwa sababu kila nyumba yenye ng'ombe ilikuwa na mtindi. Asidi ya mtindi ikikutana na soda hutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayoumua unga.

Pima gramu 450 za unga wa ngano. Nusu ukiwa wa ngano isiyokobolewa, mkate utakuwa na ladha zaidi. Chekecha pamoja na kijiko kimoja cha chai cha beking soda, kilichosawazishwa kwa kisu, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Usizidishe soda kwa matumaini ya mkate mrefu, kwani itabadilisha rangi na kuacha ladha ya sabuni. Na usitumie magadi badala yake. Ni makali zaidi na mkate hautalika.

Washa mkaa kwanza, uache ushike vizuri, ndipo uguse mtindi. Hili ni sharti, kwa kuwa gesi huanza kutoka pale pale unga unapolowa, na kila dakika ya kungoja moto inapunguza mwinuko. Fanya shimo katikati ya unga, mimina mililita 350 za mtindi, na uzungushe vidole vilivyotanuliwa kutoka katikati kwenda pembeni mpaka unga ushikamane. Ukiwa bado mkavu, ongeza mtindi kidogo kidogo. Donge liwe laini na lenye kunata kiasi. Hapa ndipo mikono iliyozoea chapati inapokosea, kwa kuwa inataka kukanda, usikande. Liviringishe tu juu ya ubao wenye unga, libonyeze liwe na unene wa sentimita nne hivi, kisha likate msalaba wa kina juu, kutoka ukingo hadi ukingo. Wapo walioita alama hiyo baraka, na wapo waliosema inawatoa mapepo. Faida yake isiyo na ubishi ni kwamba moto hufika katikati ya mkate na vipande vinne huvunjika kwa urahisi.

Sufuria iwe imepata joto tayari na kunyunyizwa unga chini. Weka donge, funika, punguza makaa ya chini na upalie makaa mengi juu ya mfuniko. Aliyewahi kuoka mkate wa kumimina kwa moto wa juu na chini anaijua kazi hii kwa macho yaliyofumba. Wapishi wa Ayalandi walikuwa na chungu maalumu cha chuma chenye mfuniko bapa kwa ajili hiyo hiyo, na walipalia makaa ya udongo kwa koleo. Dakika 40 hadi 45 zitatosha; katika oveni, anza na nyuzi 220 kwa robo saa, kisha shusha hadi 200 kwa dakika 25 nyingine. Mkate ulioiva ukigongwa chini hutoa mlio wa kitu kilicho wazi ndani. Ufunge katika kitambaa kikavu ili ganda lilainike, na uliwe siku hiyo hiyo kwa siagi na chai nzito. Chai ilikuwa anasa kwa muda mrefu na iliingia katika nyumba za kawaida za mashambani hasa nusu ya pili ya karne ya 19.

Hatua ya tatu: viazi vya maganda

Kuchemsha viazi kunaonekana si jambo la kuandikiwa hatua, lakini katika chakula hiki viazi ndivyo mlo wenyewe, na namna ya kuvichemsha ina sheria zake. Chagua viazi vyenye unga, vinavyopasuka vikiiva, vya ukubwa unaolingana. Vioshe, usivimenye. Vitie katika maji ya baridi yenye chumvi, chemsha mpaka kisu kipenye kwa shida kidogo, kisha mwaga maji yote, funika viazi kwa kitambaa safi ndani ya sufuria na uirudishe juu ya makaa hafifu kwa dakika 10. Maganda yatapasuka na nyama ya kiazi itaonekana kavu na nyeupe. Wasiofanya hatua hii ya mwisho hula viazi vyenye majimaji, na kosa si la kiazi.

Katika nyumba za zamani viazi vilimwagwa katika kikapu bapa cha fito, maji yakachuruzika, kisha kikapu hicho hicho kikawekwa juu ya mdomo wa chungu na kuwa meza. Familia ilikaa kukizunguka kwenye viti vifupi, kila mtu akimenya kiazi chake kwa kucha, akikichovya katika chumvi na kushushia mtindi. Maganda na viazi vidogo vilikwenda kwa nguruwe. Wengine walipenda kiini cha kiazi kibaki kigumu, wakisema mlo huo hukaa tumboni muda mrefu zaidi.

Kiasi kilichopikwa kinaweza kumshtua msomaji. Mwanamume anayefanya kazi shambani, kabla ya mwaka 1845, aliweza kula kilo 5 hadi 6 za viazi kwa siku, na pamoja na mtindi mlo huo ulimpa karibu kila kitu ambacho mwili unahitaji. Ubaya wake ulikuwa kutegemea zao moja, tena kwa masikini aina moja, iliyoitwa Lumper, iliyozaa sana katika ardhi duni. Mwaka 1845 uliingia ugonjwa ule ambao wakulima wa Njombe na Nyandarua wanaujua leo kwa jina la bakajani chelewa, ukaozesha viazi na kuleta njaa kuu. Sensa ya mwaka 1841 ilikuwa imehesabu watu zaidi ya milioni 8; hadi kufikia mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa na wengine kama hao wamehama nchi. Hata miaka ya kawaida ilikuwa na kipindi chake cha njaa, mwezi wa Julai, wakati viazi vya zamani vimekwisha na vipya havijakomaa, na watu wakishindia kabichi na majani ya mwituni, upupu wa Ulaya ukiwa mmojawapo.

Hatua ya nne: viazi vya kupondwa na mboga

Mlo unaoitwa colcannon hufuata hatua iliyotangulia, kwa hiyo chemsha viazi vya kutosha kwa yote mawili. Kwa kilo moja ya viazi tayarisha gramu 250 za sukuma wiki au kabichi, iliyokatwa nyembamba na kuchemshwa mpaka ilainike, kisha ikakamuliwa maji kwa nguvu. Katika sufuria ndogo pasha mililita 200 za maziwa pamoja na vitunguu majani vilivyokatwakatwa. Menya viazi vikiwa bado vya moto, viponde kavu kwanza mpaka visiwe na mabonge, ndipo umimine maziwa hayo ya moto na kuchanganya mboga. Maziwa ya baridi huvipoza viazi. Ukiacha sukuma wiki na kubaki na vitunguu majani peke yake, utapata champ, mlo unaopendwa zaidi upande wa kaskazini.

Pakua kilima cha viazi katika kila sahani, chimba shimo katikati na uweke donge la siagi. Chakula huliwa kuanzia ukingoni, kila tonge likichovywa katika siagi iliyoyeyuka, na si adabu kubomoa ukuta mapema. Usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Watakatifu Wote, ambao kwa Wakatoliki ulikuwa siku ya kutokula nyama, pete na sarafu zilifichwa ndani ya colcannon. Aliyepata pete alitabiriwa ndoa. Ukiiga desturi hiyo, wape wageni taarifa kabla hawajatafuna.

Watu wengine watataka kuongeza pilipili, tangawizi au bizari. Ushauri wangu ni kwamba anayeona chakula hiki kimepooza aongeze kwanza siagi na chumvi.

Hatua ya tano: boxty, kwa viazi vilivyobaki

Viazi vilivyopondwa vikibaki, kesho yake tengeneza boxty, mkate wa kikaangio wa kaunti za Leitrim, Cavan na Fermanagh. Kwangua gramu 250 za viazi vibichi. Zamani kikwangulio kilikuwa kopo la bati lililotobolewa kwa msumari, na kopo la aina hiyo bado linafaa. Zifunge katika kitambaa na uzikamue juu ya bakuli mpaka zitoe maji yote. Yaache maji hayo yatulie kwa dakika 15: juu yatakuwa ya kahawia, na chini utaona wanga mweupe umeganda kama chokaa. Mwaga maji, rudisha wanga. Changanya na gramu 250 za viazi vilivyopondwa, gramu 250 za unga wa ngano, kijiko cha chai cha beking soda, chumvi na mililita 250 za mtindi. Kaanga kwa siagi, kijiko kimoja kimoja kikubwa, moto mdogo, dakika nne kila upande. Moto mkali utaunguza nje na kuacha kiazi kibichi ndani.

Hatua ya sita: uji

Uji wa oti ni wa kale kuliko viazi kwa karne nyingi, na sheria za kale za Ayalandi zilieleza hata namna ya kuwapa watoto waliolelewa katika nyumba za watu wengine: mtoto wa tabaka la chini alipata uji na siagi ya chumvi, wa mkubwa alipata siagi mpya, na wa mfalme alipata asali. Ukipata oti zilizokatwa vipande, ziloweke usiku, kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji, na asubuhi uzichemshe nusu saa ukikoroga na chumvi. Zile bapa za dukani huiva kwa dakika tano. Maziwa ya baridi huwekwa pembeni katika bakuli lake, na kijiko cha uji kikachovywa humo.

Mwaka 1846 mahindi ya njano kutoka Marekani yaligawiwa kwa wenye njaa, na watu hawakujua kuyapika. Yalikuwa makavu sana, mashine za kusaga hazikuyaweza, na waliokula yakiwa hayajaiva waliumwa matumbo, hata wakayaita kiberiti (yaani salfa) cha Peel, kwa jina la waziri mkuu wa Uingereza aliyeyaagiza. Baadaye unga huo ulizoeleka, ukapikwa uji mzito wa kila siku kwa miongo mingi. Msomaji anayekumbuka unga wa yanga hana haja ya maelekezo hapa, ila ajue kwamba uliliwa kwa maziwa bila mboga.

Nyama na samaki

Nguruwe alifugwa karibu kila nyumba, lakini kabla ya njaa kuu aliuzwa ili kulipa kodi, na masikini hawakumla mara kwa mara. Nyama yake iliyokaa kwenye chumvi hulowekwa usiku, huchemshwa kwa maji mapya kiasi cha dakika 50 kwa kila kilo na 20 za nyongeza, kisha kabichi hupikwa katika supu hiyo hiyo. Asiyekula nguruwe hapotezi asili ya chakula hiki akipika samaki. Nyumba nyingi, hasa wakati wa Kwaresima, zilikula samaki mkubwa aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa, na ng'onda wetu anachukua nafasi yake bila shida. Mloweke usiku, badilisha maji mara mbili, mchemshe taratibu kwa maziwa na kitunguu, kisha uufanye mchuzi mzito kwa kijiko cha unga na siagi. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, hata maziwa na siagi viliachwa.

Mwani wa maziwa

Watu wa pwani ya magharibi walichuma mwani mwekundu kwenye miamba wakati wa bamvua, maji yalipokupwa mbali kabisa. Waliuanika juu ya majani, ukanyeshewa na kukauka mara kadhaa mpaka ukapauka, kisha wakautunza kwa ajili ya kikohozi na kwa kugandisha maziwa. Jina lake la Kiayalandi ndilo lililozaa jina la karajinani, kitu kinachotolewa katika mwani unaolimwa Paje na Jambiani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwani wa Zanzibar si wa aina ile ile, lakini una karajinani, na kati ya aina zinazolimwa huko, kotonii hugandisha vizuri kuliko spinosi, ambayo hutoa utelezi laini.

Chukua gramu 10 za mwani mkavu, uuoshe mara nyingi mpaka chumvi na mchanga viishe, na uuloweke dakika 15. Utie katika mililita 900 za maziwa, uchemshe moto mdogo dakika 20 bila kuacha kukoroga, maana maziwa yenye mwani hushika chini upesi. Chuja huku ukiukandamiza mwani kwa kijiko ili utelezi wake upite. Ongeza sukari vijiko viwili, na yai lililopigwa ukipenda, likiingizwa taratibu maziwa yangali ya moto. Mimina katika bakuli na uweke mahali pa baridi kwa saa tatu. Yakikataa kuganda, yarudishe motoni na mwani kidogo wa nyongeza. Yakiwa magumu mno, punguza mwani hadi gramu 7 mara nyingine. Katika friji hukaa siku mbili.